Panga Mbili Katika Chumba cha Juu



Jumapili moja ya Kwaresima, baada ya Ushirika Mtakatifu, mzee mmoja wa mtaa wetu alinivuta kando chini ya mwembe. Mwanawe anakaa Texas, Marekani. Ni Mkristo, ana mke na watoto, na ana kibali halali cha kutembea na bastola iliyofichwa ndani ya nguo. Huenda nayo dukani, huenda nayo kazini, na Jumapili huingia nayo kanisani. "Mwalimu," akasema yule mzee, "mwanangu anapiga magoti kupokea Mwili wa Bwana, na bastola iko kiunoni. Je, ni dhambi?"

Nilimwomba anipe muda. Mimi ni mwalimu, si kasisi, na miaka yote nimewaambia wanafunzi wasijibu swali kabla ya kulisoma mara mbili.

Kwanza, tusimhukumu kijana kwa desturi za kwetu. Huko Texas sheria ya vibali hivyo ilitiwa sahihi mwaka 1995. Mwombaji huketi darasani saa nne hadi sita akifundishwa sheria na namna ya kutuliza ugomvi, hupiga risasi 50 kwenye shabaha, huchukuliwa alama za vidole, na mwenendo wake wa nyuma huchunguzwa. Tena tangu Septemba 2021 aliyetimiza miaka 21, ambaye sheria haimkatazi kuwa na bastola, aweza kuibeba hata bila kibali. Majimbo zaidi ya nusu kati ya 50 yana sheria kama hiyo. Basi kijana aliyejisumbua kwenda darasani amefanya zaidi ya alilodaiwa.

Wala hofu yake si ya kujitungia. Tarehe 17 Juni 2015, katika mji wa Charleston, watu 9 waliuawa kanisani wakati wa mafunzo ya Biblia na mgeni waliyekuwa wamemkaribisha kwa upendo. Tarehe 29 Desemba 2019, mjini White Settlement, hapo hapo Texas, mtu alisimama katikati ya ibada akaua waumini wawili. Muumini mwenzao aliyejitolea kuwa mlinzi akampiga risasi, na yote yakawa yamekwisha kwa sekunde kama sita. Sina ujasiri wa kuwaambia waliotoka hai siku ile kwamba ndugu yao alikosea.

Hata hivyo, kuna mtu mwingine aliyewahi kuomba kibali cha namna hiyo, na habari yake hunirudia kila nikilifikiri jambo hili. Ni Martin Luther King, mchungaji wa Kibaptisti, wakati huo akiwa na miaka 27. Mgomo wa mabasi ulikuwa umeanza Montgomery, Alabama, tarehe 5 Desemba 1955. Usiku wa 30 Januari 1956 bomu lilitupwa barazani pa nyumba yake. Yeye alikuwa mkutanoni. Ndani alikuwamo mkewe Coretta na binti yao Yolanda, ambaye hakuwa ametimiza miezi mitatu. Mungu aliwahifadhi. Watu wakakusanyika kwa hasira, wengine na silaha mkononi, naye akawasihi warudi makwao kwa amani. Kisha, kwa kuwa alikuwa baba na mume kama sisi, akaenda kuomba kibali cha kubeba bunduki ndani ya gari. Akanyimwa. (Siku zile kutoa au kunyima kulikuwa mikononi mwa wakubwa wa mahali, na wakubwa wa Alabama walikuwa Wazungu. Msomaji atajaza mwenyewe yaliyobaki.)

Lakini kunyimwa huko hakukumaliza neno. Silaha ilikuwapo nyumbani bado. Tena inasimuliwa kwamba mgeni mmoja alikaribia kuikalia bastola iliyoachwa kitini. Ndipo King na mkewe wakalizungumza wawili, wakaona hawawezi kuwahubiria watu njia moja na kulala juu ya njia nyingine. Silaha ile ikaondolewa. Wakaweka taa kuizunguka nyumba na walinzi wasio na bunduki, maana kuacha silaha si kuacha akili. Baadaye King alieleza kwamba hofu yake ilikuwa kubwa zaidi wakati bunduki imo nyumbani kuliko ilipoondoka.

Neno hilo naliamini, kwa sababu lilinipata mimi. Miaka iliyopita wezi walivunja mlango wetu wakachukua redio na cherehani. Tangu hapo nikalala na panga chini ya kitanda. Mbuzi akikohoa, nimeshika mpini. Usiku mmoja jirani aligonga. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu. Mimi nilimjibu kwa ukali kupitia dirishani, panga mkononi, na kabla sijaitambua sauti yake alikuwa amekwenda zake. Mtoto alizaliwa salama. Lakini aliyemsukuma mama yule juu ya baiskeli hadi zahanati hakuwa mimi, ingawa nyumba yangu ndiyo iliyokuwa karibu. Jirani hakulitaja tena. Mimi ndiye ninayelikumbuka.

Sasa turudi kwa yule mzee. Tukisoma Luka 22 tutaona kwamba katika chumba cha juu, usiku ule wa Karamu, zilikuwamo panga mbili. Wanafunzi walimwonyesha Bwana, naye akasema yatosha. Wataalamu wanabishana juu ya maana ya jibu lile hata leo. Mimi naona jambo dogo tu: Petro hakufukuzwa mezani kwa sababu ya upanga wake. Alikula mkate, akanywa kikombe. Kwa hiyo sikuweza kumwambia mzee kwamba mwanawe akae mbali na madhabahu.

Lakini usiku haukuisha hapo. Upanga wa Petro ulipotoka bustanini haukumpata Yuda wala kuhani mkuu. Ulimpata Malko, mtumwa aliyetumwa, ukamkata sikio. Na Luka ndiye anayetueleza kwamba Bwana aliligusa sikio lile akaliponya. Mikono iliyokuwa karibu kufungwa ilifanya kwanza kazi ya kutengeneza kilichoharibiwa na mfuasi wake mwenyewe.

Asije mtu akanielewa kwamba anayeiweka silaha chini ameahidiwa usalama. King alipigwa risasi Memphis tarehe 4 Aprili 1968. Mama yake, Alberta, aliuawa tarehe 30 Juni 1974 akipiga kinanda kanisani Atlanta, wakati wa ibada ya Jumapili. Mumewe, Mzee King, alibaki akisema kwamba hamchukii aliyemuua mwanawe wala aliyemuua mkewe. Sijui kama mimi ningeliweza.

Basi nilimwambia yule mzee hivi: Alabama ilimnyima King kibali, na swali likabaki nyumbani kwake. Texas imempa mwanao kibali, na swali liko nyumbani kwake vile vile. Sheria imemwambia kijana kwamba anaruhusiwa. Haikumwuliza kama siku hizi mgeni akiingia kanisani humtazama usoni au mikononi. Hilo amwulize baba yake, kwa upole, na amwombe akae na mkewe walizungumze wawili.

Mzee amempigia simu. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema atamjibu. Hadi tunapeleka gazeti hili kupigwa chapa, bado hajajibu. Tuikumbuke nyumba hiyo katika sala zetu za jioni.