Barabara ya Wote na Hasara ya Wachache

Mtaa wa mji ukichimbwa ili barabara ipanuliwe, wengi hufurahi na wachache hulia. Dereva wa lori ahesabu saa atakazookoa. Mwenye kibanda kando ya mtaro ahesabu siku alizoshinda bila kuuza kitu. Wote wawili ni raia wa nchi moja na watoto wa Baba mmoja. Ndugu wasomaji, swali letu juma hili ni hili: je, wale wengi watakaofaidi wana deni lo lote kwa wale wachache wanaoumia? Au yatosha kuwaambia wavumilie, kwa kuwa maendeleo ni ya wote?

Tuutazame mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Shinyanga. Siku hizi lami yatoka Lamadi, penye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, hata Bariadi mjini. Tena yatoka Bariadi kupitia Maswa hata Mwigumbi, ikaungana na barabara ya Shinyanga na Mwanza. Mkulima wa Migato, wilayani Itilima, huenda hana duka wala kibanda Bariadi. Lakini pamba yake husafirishwa kwa malori, na mgonjwa wake akizidiwa hupelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo iko Bariadi. Kwa hiyo barabara ya mjini ikitengenezwa, faida yake humfikia na yeye huko Migato, bali vumbi lake halimfikii. Vumbi humwangukia mama auzaye vitumbua na fundi cherehani wa barazani. Hapo ndipo ulipo ugumu wa jambo hili: anayefaidi hamwoni anayelipa.

Majibu mawili husikika upesi. Wa kwanza husema: "Huwezi kujenga bila kubomoa; wachache na waumie, wengi wapone." Wa pili husema: "Changu ni changu, barabara na ipite kwingine." Majibu hayo yaonekana kupingana, lakini yana kosa moja. Yote mawili hudhani ya kuwa manufaa ya wote ni mali igombaniwayo, kundi moja likipata, jingine limepoteza.

Kanisa halifundishi hivyo. Papa Yohane XXIII, katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961, alieleza kuwa manufaa ya wote ni zile hali za maisha ya jamii zimwezeshazo mtu kuufikia ukamilifu wake kwa urahisi zaidi. Basi tuangalie vema: kipimo ni mtu, si wingi wa watu. Barabara si njema kwa sababu ni pana na nyeusi. Ni njema kwa kuwa yamfikisha mama mjamzito kwa mkunga, mtoto shuleni, na zao la mkulima sokoni. Anayeijenga huku akimhesabu mtu kama kifusi cha kuondolewa, ameharibu sababu ya kuijenga.

Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikwisha kulifikiri jambo hili karne nyingi kabla ya lami kufika kwetu. Alifundisha kwamba sheria yaweza kukosa haki kwa njia zaidi ya moja. Hukosa haki mtawala aitungapo kwa tamaa yake. Lakini pia hukosa haki mizigo igawanywapo bila uwiano, hata kama nia yake ni manufaa ya wote. Nia njema peke yake haitoshi. Lazima tuulize tena: ni bega la nani lililobebeshwa?

Sheria za nchi yetu zimejaribu kujibu. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 24, yamlinda mtu asinyang'anywe mali yake pasipo fidia inayostahili. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hata mita 30 kila upande kutoka katikati ya njia. Kutokana na hayo zikaja alama mbili za X tuzijuazo ukutani: ya kijani kwa yule aliyefuatwa na barabara, naye hulipwa, ya nyekundu kwa yule aliyeifuata barabara, naye huondoka mikono mitupu. Kanuni yenyewe ina haki ndani yake. Si sawa mtu avamie ardhi ya wote, kisha awadai wote wamlipe ili atoke.

Hata hivyo mwaka 2017 ulituonyesha ya kuwa kanuni iliyo wazi katika karatasi huweza kuwa chungu mlangoni pa mtu. Huko Dar es Salaam, barabara ya Morogoro ilipotaka kupanuliwa kati ya Kimara na Kibaha, mwendo wa kilometa 19.2, nyumba nyingi zilibomolewa kwa hoja kwamba zimo ndani ya hifadhi, ambayo mahali pale ilihesabiwa kuwa mita 121.5 kila upande. Mwaka ule ule, mwezi wa Novemba, Rais Magufuli aliagiza hata sehemu ya jengo la shirika la umeme pale Ubungo ibomolewe. Asiseme mtu, basi, kwamba nyumba za wanyonge tu ndizo zilizoguswa. Lakini shirika likipoteza ukuta halilali nje. Mjane akipoteza ukuta hulala nje.

Tena tuulize kwa unyofu: mtu ajengapo mahali pasipo pake, kosa ni la nani? Ni la mnunuzi ambaye hakuuliza, kweli. Ni la muuzaji pia, aliyejua akanyamaza. Ni la kiongozi wa mtaa aliyetia mhuri. Ni la mamlaka iliyotazama msingi ukichimbwa, paa likiezekwa, na miaka ikipita, isiseme neno. Kosa la wengi likilipwa na mmoja tu, sheria huenda imetimizwa, lakini haki bado haijashiba.

Twamkumbuka Naboti na shamba lake la mizabibu. Wengi husahau ya kuwa mfalme Ahabu alitaka kwanza kumlipa, tena alimwahidi shamba bora kuliko lile. Dhambi yake haikuwa kuomba. Alilitaka shamba liwe bustani yake ya mboga, na Naboti, mwenye Sheria upande wake, alipokataa, mashahidi wa uongo wakanunuliwa na damu ikamwagwa. Hapa tuna kipimo. Barabara ikipindishwa ili ikwepe kiwanja cha mkubwa na kupita katika cha mnyonge, huyo ni Ahabu, hata akivaa kofia ya mhandisi. Lakini barabara ikiwa kweli ni ya wote, na fidia ikalipwa kwa haki na kwa wakati, mwenye kiwanja asijifananishe na Naboti kwa sababu tu hapendi kuhama.

Kuna hasara nyingine ambazo hakuna sheria izihesabuyo. Hakuna X ya kijani kwa wateja waliopotea miezi sita, wala kwa kifua cha mtoto kilichojaa vumbi. Je, kwa kuwa sheria imenyamaza, deni limefutwa? Hasha! Wanaochimba wana wajibu wa kutangaza mapema, kusema kweli juu ya siku ya kumaliza, kumwagia vumbi maji, na kuweka kivuko imara mbele ya kila mlango. Yafaa pia waangalie majira: mtaa ukifungwa wakati malori ya pamba yanaanza kupita, mkulima wa Migato naye ataumia. Mambo hayo si hisani ya mkandarasi. Ni haki ya mtu ambaye amelazimishwa kutoa mchango kuliko jirani zake.

Lakini haki hutembea kwa miguu miwili. Mtu asikiaye kwamba barabara inakuja, akakimbilia kupandisha kibanda na kupanda migomba usiku ili alipwe fidia, huyo aiba mfukoni mwa maskini wenzake. Aibaye dizeli ya mitambo, saruji ya daraja au kibao cha barabarani akauze chuma chakavu, amevunja Amri ya Saba, na maungamo hayamwondolei wajibu wa kurudisha. Vivyo hivyo dereva apitaye pembeni ya foleni, akiwaacha waliotii wakingoja, ajifanyia barabara ya wote kuwa yake.

Wazee wa Usukuma walilifahamu jambo hili bila kusoma seminarini. Vijana wa kijiji, wakiongozwa na nsumba ntale, walikwenda kulima shamba la mmoja wao. Naye aliyelimiwa hakuwaacha waende na njaa, bali aliwaandalia chakula. Aliyefaidi jasho la wengi alijua kwamba ana deni. Sisi leo twapita kwa kasi juu ya lami iliyolazwa mahali palipokuwa na kibanda cha mtu, wala hatuulizi alihamia wapi.

Basi familia ya Kikristu ifanye nini? Ianze na lililo karibu. Mwenye nyumba ya kupangisha, ambaye mtaa wake umechimbwa, asidai kodi nzima kwa mwenye duka aliyefungiwa njia. Maana lami ikikamilika, thamani itakayopanda ni ya nyumba yake yeye, si ya mpangaji. Mteja na avuke mtaro, akanunue kwa mama yule yule aliyemzoea, hata ikimpasa kuzunguka. Jumuiya ndogondogo na imtembelee aliyebomolewa, imsaidie kuandika madai yake ikiwa ana haki, na kumtafutia pa kulala hata kama hana. Na mkulima aliye mbali na vumbi, akifika mjini salama na mzigo wake, akumbuke kwamba njia ile kuna waliokwisha kuilipia kabla yake.

Kulipa kodi hakutuondolei deni hilo lote. Kodi humlipa mhandisi na kununua kokoto. Yule aliyepoteza riziki ili sisi tupite hulipwa na jirani amjuaye kwa jina, au halipwi kabisa.