Haya na Aibu si Kitu Kimoja

Wako watu wasemao kwamba ugonjwa upatikanao kwa zinaa haufai kutajwa mbele ya Wakristo, kwa kuwa kuutaja ni kukosa haya. Neno hili tumelifikiri sana, nasi twaona ya kuwa mambo mawili yamechanganywa. Haya humzuia mtu asitende baya. Aibu humshika baada ya kutenda, au hata pasipo kutenda, akaogopa macho ya watu. Haya hulinda nyumba. Aibu mara nyingi hufunga mlango hali mwivi yumo ndani.

Na tutazame kaswende, ambayo wazee wengine waliiita sekeneko. Huanza kwa kidonda kisichouma, nacho hupona chenyewe baada ya majuma machache. Mtu hufurahi, kumbe ugonjwa umeingia katika damu, nao waweza kukaa humo miaka mingi bila dalili, mpaka umharibu moyo, au ubongo, au macho. Mwanamke mwenye mimba aweza kuwa nao asijue. Mtoto akazaliwa mfu, au akazaliwa na ugonjwa ambao hakuutafuta. Je, mtoto huyu alikosa haya wapi?

Wala dawa si ngeni. Tangu mwaka 1943 imejulikana ya kuwa penisilini huiponya kaswende, na hata leo ndiyo dawa yake. Kupimwa nako ni tone la damu ya kidole, na jibu hutoka kabla ya saa moja kwisha. Katika kitabu cha Walawi kuhani aliletewa mwenye doa mwilini, akaitazama ngozi yake. Hatusomi kwamba alimwuliza kwanza amelipata wapi.

Lakini swali lililo gumu ni hili: mume aliyepimwa akaonekana nao, je, amwambie mkewe? Wengine husema, Anyamaze, atibiwe kwa siri, ili ndoa isivunjike. Hoja hii si ya kipuuzi, maana tumeona ndoa zikivunjika kwa neno dogo kuliko hilo. Walakini tuifuate mpaka mwisho wake. Mume amepona, mke hajui, wala hajatibiwa. Wakikutana, ugonjwa waweza kumrudia mume, kwa maana aliyepona kaswende hana kinga nayo. Mke akichukua mimba, mtoto yumo hatarini. Basi siri ile haikulinda nyumba, ila jina la mwenye nyumba. Tena Paulo aliwafundisha Wakorintho ya kuwa mume si bwana wa mwili wake peke yake. Atawezaje basi kuwa na siri ya mwili huo peke yake?

Wala jambo hili halikomei katika nyumba moja. Mkoani Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994, vituo vya afya na zahanati za sehemu kadhaa vilipewa mafunzo na dawa za kuyatibu magonjwa haya vema zaidi, na maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yakawa machache kwa kadiri ya asilimia 40 kuliko sehemu zilizongoja.

Mume ashindwaye kutamka aweza kumwomba mwuguzi awepo, au afuatane na mkewe kliniki ya wajawazito, wapimwe wote wawili. Hata hapo watakapokwisha kutibiwa wote, na alale mbali naye.