KHUTBA YA IJUMAA: ANAYEBAKI NA ANAYEONDOKA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, Yeye anayekunjua riziki kwa amtakaye na kuipima kwa amtakaye. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu zangu Waislamu, ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninyi, tumche Mwenyezi Mungu. Amma baad.

Juma lililopita, baada ya sala ya magharibi, kijana mmoja alinifuata mlangoni mwa msikiti. Akaniambia: "Mwalimu, niombee dua. Nataka kwenda Lubumbashi, na nikikosa kazi huko nitaendelea mpaka Kolwezi." Kabla sijamjibu, mama yake akaniita pembeni, akasema kwa sauti ya chini: "Baba Mwalimu, na mimi nina dua yangu. Niombee asiende."

Mtoto na mzazi, dua mbili katika mlango mmoja. Niliwaambia Mungu ndiye anayejua, nikaenda zangu nyumbani. Maneno hayo ni ya kweli, lakini usiku ule niliyatumia kukimbia. Khutba ya leo ni deni ninalowalipa wale wawili, na kila nyumba ya Kindu yenye mtu wa kwenda na mtu wa kulia.

1. TULICHOKUWA NACHO

Wazee waliomo msikitini wanakumbuka. Mji huu ulikuwa mji wa makutano. Reli ya kutoka Kongolo ilijengwa na Wabelgiji kabla ya vita vya 1914. Mizigo ya Katanga na ya Ziwa Tanganyika ilishuka hapa, ikapakiwa kwenye mashua mpaka Ubundu, kama kilomita 300, kisha ikapanda reli nyingine mpaka Kisangani kwa sababu ya maporomoko. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa taa pale stesheni. Sisi watoto hatukuhitaji saa ya mkono. Tuliujua muda kwa mlio wa gari la moshi. Taa yake iko nyumbani kwangu mpaka leo.

Upande wa Kalima kulikuwa na bati. Symétain ilianza mwaka 1932, na mwaka 1976 makampuni yakaunganishwa kuwa SOMINKI. Mtu wa Kalima alikuwa na kazi, na mtoto wake alikuwa na shule na hospitali ya kampuni. Kisha, mwezi wa 10 mwaka 1985, biashara ya bati ilisimama katika soko la London na bei ikaanguka. Mchimbaji wa Kalima hakuwa amemkosea mtu. Aliamka asubuhi, akashika sururu yake, na jiwe lilelile alilochimba jana halikuwa na thamani ya jana.

Kabla ya hapo tulikuwa tumeona mwaka 1973, maduka na mashamba ya wageni yalipochukuliwa na kupewa watu wasioyajua. Baadaye ikaja vita ya 1996. Mwaka 1997 SOMINKI ikaisha. Kisha ikaja vita ya 1998 mpaka 2003, reli ikakatika, na watu wakala mizizi ya msituni. Gari la moshi lilirudi baada ya vita, lakini limekuwa kama mgeni. Halina siku. Linapofika, habari inafika sokoni kabla ya mizigo. Lisipofika, tunawategemea vijana wanaosukuma kinga zilizopakia mafuta na mchele, siku baada ya siku, katika tope.

Kwa hiyo asituambie mtu kwamba watu wa Maniema ni wavivu. Na asituambie mtu kwamba Mwenyezi Mungu ametulaani. Tunao wajibu wa kujihesabu nafsi zetu, lakini hatuna ruhusa ya kumsemea Mungu jambo ambalo hakulisema.

2. TUSIIPAMBE ZAMANI

Lakini, ndugu zangu, tunapoketi barazani kusifu siku za zamani, tuseme zote. Pamba ya zamani za Wabelgiji ililimwa kwa fimbo. Watu wengi walifikishwa kwenye machimbo bila kuulizwa kama wanataka. Shule na hospitali zilikuwepo, na viboko vilikuwepo.

Na turudi nyuma zaidi. Nyangwe, pale mtoni, ilikuwa soko kubwa kuliko masoko yote ya upande huu. Mwezi wa 7 mwaka 1871 Livingstone alikuwepo akaona watu wa misafara wakipiga risasi katikati ya soko, wanawake wakijitupa mtoni na kuzama. Misafara ile ilitafuta pembe za ndovu na watumwa. Tuseme kweli, ingawa inauma: dini yetu ilifika katika nchi hii kwa njia ileile waliyopitia watu wale. Mwaka 1893 Nyangwe na Kasongo zikaanguka mikononi mwa Wabelgiji, na utajiri wote ule ukaondoka.

Kilichobaki ni nini? Pembe hazikubaki. Kilichobaki ni mtu aliyejua kusoma Alhamdu, akamfundisha mwanawe, na mwanawe akamfundisha mjukuu, chini ya serikali isiyowapenda na bila madrasa ya matofali. Sisi tuliomo humu leo ni matunda ya watu waliobaki wakati biashara imekwisha.

Basi tujue tunalilia nini. Si kila mali iliyotutoka ilikuwa ya halali. Na imani iliyobaki haikushikiliwa na mali.

3. MOYO WENYE PANDE MBILI

Wengi wenu mmeniambia: "Mwalimu, naupenda mji huu na unanichosha. Nikiwa hapa nataka kuondoka, nikiwa safarini naulilia." Mnadhani huo ni udhaifu wa imani. Sivyo.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipotoka Makka aliigeukia akaieleza mapenzi yake, na kwamba kama watu wake wasingemtoa, asingetoka. Aliondoka kwa amri ya Mola wake, na bado moyo uliuma. Na masahaba walipofika Madina homa iliwaangusha. Abu Bakr aliugua. Bilal aliugua, na homa ilipomwachia alipaza sauti akitamani mabonde ya Makka na nyasi zake. Bilal huyuhuyu! Makka ndiko alikoburutwa juani na kuwekewa jiwe kifuani. Bado alipatamani, kwa sababu ni kwao.

Bibi Aisha alimpelekea Mtume habari hiyo. Mtume hakuwakaripia. Hakusema kwamba kutamani kwao ni upungufu. Aliomba mambo haya: Mwenyezi Mungu awapendezeshe Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, aifanye nchi ya afya, na aibariki pishi yake na kibaba chake.

Tazameni dua hiyo ilivyo. Pishi na kibaba ni vipimo vya sokoni. Mtume aliomba baraka juu ya kile kinachopimiwa chakula cha watu. Ndugu yangu, nenda kesho sokoni kwetu utazame kopo la kupimia mchele. Limebonyezwa chini mpaka limeingia ndani, ili mnunuzi aone limejaa na mchele uwe pungufu. Hilo halikufanywa na London. Halikufanywa na vita. Tunaomba baraka ishuke ndani ya kopo ambalo tumelibonyeza wenyewe.

4. HUKUMU YA WAWILI HAWA

Anayeondoka si msaliti. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratun-Nisaa kwamba ardhi yake ni pana, na hakuifanya pana bure. Lakini safari ina haki zake. Lipa deni lako kabla ya kupanda gari la moshi, au mwambie mwenye kudai mbele ya mashahidi. Usimwache mke bila matumizi na bila talaka, akawa si mke wala si mjane. Ukipata, tuma. Usipopata, tuma salamu, kwa maana mzazi halishwi franka peke yake. Wapo wana wetu ambao miaka imepita na mama zao hawajui kama waombewe uhai au waombewe rehema. Huko si kuhama, huko ni kukata undugu.

Anayebaki si mjinga. Lakini kubaki peke yake si ibada. Mtu anaweza kubaki Kindu miaka 60 na moyo wake usikae hapa siku moja. Anaketi, anautukana mji, anangoja kampuni irudi. Tumtazame Bibi Hajar. Nabii Ibrahim alimwacha na mtoto mchanga katika bonde lisilo na mmea. Alimuuliza mumewe kama ni Mungu aliyemwamuru, na alipojibiwa ndiyo, alisema basi Mungu hatawapoteza. Huo ndio ulikuwa utegemezi wake. Baada ya maneno hayo, maji yalipokwisha, je, alikaa? Alipanda Swafaa, akashuka, akapanda Marwa, mara saba. Maji hayakutokea alikokuwa akikimbilia, yalitokea karibu na mtoto wake. Lakini Mwenyezi Mungu aliyafanya mbio zake kuwa ibada kwa kila mwenye kuhiji mpaka mwisho wa dunia. Hajar hakuliacha bonde, wala hakuketi.

Na Mtume ametufundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza aupande. Mchikichi unahitaji miaka kabla ya kutoa ngazi. Mzee anayepanda mchikichi leo huko Alunguli anajua huenda hatakula mafuta yake. Huyo ameielewa hadithi kuliko mimi ninayeisoma.

5. TUFANYE NINI

Kwanza, kila mwenye biashara katika msikiti huu anyooshe kopo lake, au anunue jipya. Tusingoje serikali.

Pili, kila familia yenye mtu safarini iandike jina lake kwa katibu wa Jumuiya, tumtaje katika dua, na tuwape habari wasafiri wamtafute.

Tatu, wanaobaki wasiwacheke wanaoondoka, na waliorudi mikono mitupu wasichekwe na mtu. Aliyerudi mikono mitupu amerudi na mikono.

Ndugu zangu, Jumatano nilikwenda nyumbani kwa yule kijana. Nilimkuta amekwisha kulipa nusu ya deni la pikipiki, na nusu iliyobaki amepatana na mdai wake mbele ya wazee wawili. Nikamwambia mama: "Dua yako siwezi kuiomba kama ulivyoitaka. Lakini naomba asiende mbali na Mungu, wala na wewe." Mama hakusema kwamba amekubali. Alinyamaza sana. Kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba Lubumbashi mwezi wa 6 kuna baridi kali. Nikamwambia ni kweli. Akaingia ndani kutafuta blanketi.

Nasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na kwa ajili yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwenye kusamehe.

KHUTBA YA PILI NA DUA

Ewe Mola wetu, wanaoondoka uwe mwenzao njiani, na wanaobaki uwe mlinzi wa nyumba zao. Tupendezeshe mji wetu bila kutupofusha macho tusione makosa yetu. Vibariki vipimo vyetu baada ya sisi kuvinyoosha. Wape wagonjwa wetu afya, wafungwa wetu faraja, na maiti wetu nuru, waliozikwa hapa na waliozikwa ugenini. Iponye nchi yetu na vita. Wape watoto wetu sababu ya halali ya kubaki, na njia ya halali ya kurudi. Amin.

Wabillahi tawfiki. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ukimaliza kusoma, mpe jirani yako. Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu: usiitupe chini wala usifungie karanga.