Frateri, Mbona Sioni Kitu?



Jumapili iliyopita, baada ya kikao cha VIWAWA, kijana mmoja alinivuta pembeni, kule nyuma ya kanisa kwenye matanki ya maji. Nikajua ni mambo ya uchumba, maana wengi wakinivuta pembeni huwa ni uchumba au ada. Kumbe siyo. Akapandisha mkono wa shati, akakunja kiwiko, akaniambia, "Frateri, hii wiki ya sita napiga tizi kila siku. Mbona sioni kitu?"

Nikacheka, naye akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akaniambia kuna jamaa pale anapofanyia mazoezi kamwambia ipo sindano. Akichoma mwezi mmoja na nusu, kifua kitajaa mpaka watu waulize. Bei yake ni karibu kipato chake cha mwezi mzima cha kubeba mizigo sokoni. Nusu ya hela ameshatunza.

Nilimwambia asubiri kwanza, tuongee. Nilichomwambia tulipokaa, pamoja na mengine niliyoyakumbuka nikiwa nimeshalala, ndiyo haya. Nayaandika kwa sababu najua hayuko peke yake. Na mimi nimepita humo.

Mwaka wa kwanza wa falsafa nilikuwa mwembamba kiasi kwamba wenzangu waliniita Antena. Tukatengeneza vyuma vya zege kwa makopo ya rangi na bomba, tukavificha nyuma ya banda la nguruwe. Nilianza vizuri. Ila mwezi wa pili nilikuwa naruka tafakari ya asubuhi ili nipige pushapu, na kila nikipita kwenye kioo cha bafuni nasimama. Mlezi wangu wa kiroho aliniuliza kwa siku natumia dakika ngapi mbele ya kioo na ngapi mbele ya Ekaristi. Sikumjibu. Hesabu niliijua.

Hakuniambia niache mazoezi. Wengi tunadhani Kanisa linaudharau mwili, kana kwamba roho ni mgeni aliyepanga chumba kibovu anasubiri kuhama. Huyo ni Plato zaidi kuliko Injili. Katekisimu, namba 2288, inasema uhai na afya ni zawadi za Mungu tunazopaswa kuzitunza. Namba inayofuata inakataa kuufanya mwili kuwa sanamu ya kuabudiwa na kutolewa sadaka ya kila kitu. Zisome zote mbili. Ukisoma moja tu utakuwa mvivu mwenye kisingizio cha kiroho, au baunsa asiye na muda wa kusali.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: inachukua muda gani?

Wiki nne za kwanza mwili haujajenga sana. Utaona nguvu zinaongezeka, juzi pushapu nane leo kumi na tano, lakini kubwa linalotokea ni kwamba mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli uliyo nayo tayari. Ndiyo maana nguvu huja kabla ya umbo. Kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili, kama unakula na kulala vizuri, wewe mwenyewe utaanza kuona, shati litabana mabegani. Watu wengine wataona baadaye, pengine mwezi wa tano au wa sita. Mwili uliobadilika kweli ni kazi ya mwaka na zaidi. Wale mnaowaona kwenye simu, wengi wana miaka mitano, minane, na taa nzuri, na wengine wana sindano ambayo hawaitaji.

Kwa namba, mwanaume anayeanza, akifanya kila kitu sawasawa, anaweza kuongeza nusu kilo mpaka kilo moja ya misuli kwa mwezi katika miezi ya mwanzo. Mwanamke ni kama nusu ya hapo. Kisha kasi inapungua kadiri unavyoendelea. Kwa hiyo kijana wangu wa wiki ya sita, hata angefanya yote vizuri, angekuwa na kama kilo moja hivi. Nenda buchani ukaangalie kilo moja ya nyama. Ikate vipande ishirini, sambaza kifuani, mgongoni, mapajani, mikononi. Nani ataona? Ila ipo.

Halafu nikamuuliza anakula nini. Asubuhi chai na andazi. Mchana ugali na mchicha. Usiku ugali na maharage, na hayo maharage ni mchuzi zaidi. Hapo nikamwambia, mdogo wangu, unajenga nyumba kwa mchanga bila saruji. Anayejenga misuli anahitaji protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Yeye ana kilo 60, ni kama gramu 96. Yai moja lina kama gramu 6. Glasi ya maziwa kama 8. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, maharage yenyewe siyo mchuzi, kama 15. Dagaa wakavu ndio mkombozi wa maskini, kiganja kimoja kinabeba protini nyingi na bei unaijua. Ile hela ya sindano ingemlisha mayai na dagaa kwa miezi.

Na kila siku bila kupumzika? Misuli haikui wakati unanyanyua, inakua wakati unapumzika. Siku tatu au nne kwa wiki zinamtosha anayeanza, akiongeza uzito au idadi kidogo kidogo. Usingizi saa saba mpaka tisa. Nakumbuka hapa simulizi la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyeuita mwili wake Ndugu Punda. Alimtesa sana huyo punda, na wanaosimulia maisha yake wanasema mwishoni alimwomba msamaha. Punda wa sokoni naye anafunguliwa mzigo jioni.

Kwa wanaotaka kupungua, madada mliniandikia sana juu ya hili, kasi ya salama ni nusu kilo kwa wiki, pengine hadi kilo moja kwa mwenye uzito mkubwa. Mwenye kilo kumi za kuondoa anaangalia miezi mitano. Zile chai za kupunguza tumbo ndani ya siku saba zinakuharisha, unapoteza maji, ukinywa maji uzito unarudi. Na mazoezi ya tumbo hayachagui kuchoma mafuta ya tumboni, mwili unatoa unakotaka wenyewe. Dada anayejinyima mpaka hedhi inakata asidhani amefanikiwa. Huo ni mwili unapiga kengele, amwone daktari. (Na jamani, ukifunga Kwaresima ili tumbo lipungue, umefanya dayati. Siyo dhambi, ila usiiandikie Mungu.)

Nirudi kwenye sindano. Zile ni homoni za kiume. Ukizichoma, korodani zako zinaona hakuna kazi, zinaacha kutengeneza za kwako na zinasinyaa. Unaweza kukosa uzazi, wengine kwa muda mrefu. Wengine wanaota matiti. Moyo unaumia, na vidonge vyake vinaumiza ini. Sindano ikichangiwa pale jimu, unakaribisha virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Nimesema wazi kwa sababu anayekuuzia hasemi.

Lakini nilipomaliza kumtisha hivyo niliona usoni mwake kwamba hofu haitoshi. Nikamuuliza, hiyo haraka ni ya nini? Akakaa kimya. Baadaye akasema pale sokoni wenye miili ndio wanaitwa kwanza gari likija. Yeye anabaki amesimama. Na kuna binti.

Hapo nikanyamaza mimi. Mtu anayekuja na swali la misuli mara nyingi anauliza kama anahesabika. Na mimi Antena nilikuwa nauliza hilohilo mbele ya kioo, nikijidai natunza hekalu la Roho Mtakatifu. Paulo anapowaandikia Wakorinto kuhusu mwili kuwa hekalu (1Kor 6:19-20) anaongeza kwamba sisi si mali yetu wenyewe, tulinunuliwa kwa bei. Kijana anayesimama nyuma ya foleni ya mizigo alishalipiwa bei hiyo kabla hajapiga pushapu hata moja. Nilimwambia hivyo. Sijui kama ilimwingia. Njaa ya kuitwa kwanza ni njaa ya kweli, na mahubiri hayashushi gunia.

Tulisoma pamoja Luka 2:52. Mwinjili anasema Yesu aliendelea kukua katika hekima na kimo. Kimo! Mwana wa Mungu alikuwa na mwili uliokua kwa mwendo wa miili yote. Marko anatuambia alikuwa seremala, basi mikono yake ilikomaa kwa kazi, mwaka baada ya mwaka, Nazareti, ambako hakuna aliyempiga picha ya kabla na baada. Aliyegeuza maji kuwa divai papo hapo hakujigeuza mtoto kuwa mtu mzima papo hapo. Alikubali kungoja miaka kama thelathini. Mimi nilishindwa kungoja miezi miwili.

Aristotle naye alilijua hili kwa upande wake. Katika kitabu chake cha maadili anamtaja Milo, mpiga mieleka maarufu wa zamani, akisema chakula kidogo kwa Milo ni kingi mno kwa anayeanza mazoezi. Kipimo cha mwenzako si chako. Anasema pia mazoezi yakizidi yanaharibu nguvu sawa na yakipungua. Nilisoma hayo darasani nikafaulu mtihani, jioni nikaenda banda la nguruwe kuiga kipimo cha mwenzangu mwenye kilo 85. Mgongo ukaniuma wiki mbili.

Kijana hajaniambia ameamua nini. Jana usiku kanitumia ujumbe kuuliza kama maharage ya kupasha moto yanapoteza protini. Nikamjibu hapana, ale tu. Hakuitaja sindano, nami sikuuliza. Jumamosi saa moja asubuhi, baada ya Misa, tunakutana nyuma ya ukumbi wa parokia na vile vyuma vya zege. Ukiwa karibu, njoo na maji yako ya kunywa. Na mwombee.