Moto Juu ya Maji

Masomo yetu mwezi huu ni Luka 13:1-5 pamoja na Matendo ya Mitume sura ya 27 na 28. Tunaomba yasomwe kwanza nyumbani, tena kwa sauti, ili wazee na watoto wasiojua kusoma nao wasikie.

Familia kadhaa za hapa makazini zimetuomba tuseme neno juu ya boti HB Kongolo. Boti hilo la mbao lenye mota lilishika moto katika Mto Kongo, karibu na Mbandaka, tarehe 15 Aprili 2025. Lilikuwa limetoka bandari ya Matankumu likielekea Bolomba, limejaa mamia ya watu, wamama na watoto wakiwemo. Viongozi walieleza kwamba mama mmoja alikuwa anapika humo ndani, moto ukayafikia mafuta yaliyowekwa karibu, yakalipuka. Watu wakajitupa majini, wengi wao hawajui kuogelea. Waliokufa ni zaidi ya 140.

Maswali tuliyoletewa ni mawili. La kwanza: je, damu ya watu hao iko juu ya yule mama? La pili liliulizwa kwa sauti ya chini: je, Mungu alikuwa anawaadhibu?

Tuanze na hilo la pili, maana Bwana wetu aliulizwa karibu hilo hilo. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 wakafa, na Yesu alikataa kabisa kusema kwamba walikuwa wenye dhambi kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu. Badala yake aliwageukia waliosimama mbele yake akawaambia watubu wao. Tuangalie vizuri hapo, wapendwa. Toba ilidaiwa kwa walio hai. Waliokufa hakuwashitaki.

Sasa yule mama. Sisi tuliosafiri kwa boti tunajua kwamba safari huchukua siku na usiku, na mtoto hawezi kuambiwa asubiri kula mpaka boti lifike. Alipika kama mama zetu wote walivyopika. Lakini nani aliweka mafuta karibu na abiria? Nani aliuza nafasi bila kufikiri watu wataokokaje? Majirani zetu Wabajuni waliotoka Kudhaa, kisiwa kilicho kusini ya Kismayo, ni Waislamu, nao ni watu wa bahari tangu mababu. Wengi wa kabila lao walikimbia vita miaka ya 1991 na 1992 kwa majahazi na mashua hadi pwani ya Kenya. Mzee mmoja wao alitueleza kwamba jahazini pia watu hupika, ila moto una nyumba yake, kasha lililotiwa mchanga, na nahodha ndiye anayeulizwa habari za moto huo. Abiria haachiwi mzigo huo. Maneno ya mzee huyu yametufundisha kuliko mahubiri mengi.

Wala si mambo ya Kongo peke yake. Meli ya moshi Phoenix iliungua katika Ziwa Michigan, Marekani, alfajiri ya tarehe 21 Novemba 1847, karibu na mji wa Sheboygan. Abiria wengi walikuwa Waholanzi waliohama kwao kutafuta makao mapya, nao walikuwa wamebakiza maili chache tu. Boila zilipata moto kupita kiasi, mbao zikashika. Mashua mbili za kuokolea zilichukua watu wapatao 40. Waliobaki walikuwa na moto nyuma na maji ya baridi mbele. Kuvuka bahari nzima, halafu kufa ukiwa karibu kufika! Kuna nyumba hapa kwetu zinazoelewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Katika Matendo 27, Luka anatuandikia kwamba merikebuni walikuwamo watu 276. Wafungwa walihesabiwa pamoja na askari. Meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, idadi kamili ya waliokufa haikupatikana kwa hakika, maana orodha ya abiria haikuwa kamili. Mtu asiyeandikwa analiliwa na nani?

Tena someni mwanzo wa sura ya 28. Wenyeji wa Malta waliwasha moto kuwapasha joto wale wageni walioloa mvua. Nyoka akatoka kwenye kuni akamwuma Paulo, na hapo hapo watu wakasema huyu ni mwuaji, amepona baharini lakini haki imemfuata. Haya ndiyo maneno wanayoambiwa baadhi ya wajane wetu kisimani: "Mbona wewe ulipona?" Ndugu, dada, tuyaache. Paulo alimkung'utia nyoka motoni, kisha akaenda kumwombea mgonjwa.

Jumapili ya mwisho ya mwezi, baada ya ibada, tutakaa chini ya mti pamoja na wote waliopoteza mtu majini, iwe ziwani, mtoni au baharini. Waandikisheni kwa katibu wa kanisa, majina kamili, hata ya watoto wachanga. Majirani wa Kudhaa wamesema watakuja kukaa nasi, nao wana majina yao.