Anayepita ni Amana ya Nani?



Ijumaa hii tulitazame swali moja: je, mtu ana deni kwa kiumbe anayepita tu, ambaye hakumfuga wala hatamwona tena?

Twende kwanza kwenye mlango wa bahari wa Gibraltar. Jina hilo latokana na Jabal Tariq, mlima wa Tariq ibn Ziyad, aliyevuka hapo mwaka 711. Upande mmoja ni Hispania, upande wa pili ni Maroko, na palipo pembamba maji ni kilomita 14 tu. Kila mwaka, toka mwezi wa nane, Ulaya inapouacha msimu wa joto, ndege wakubwa hukusanyika pwani ya Tarifa wakielekea Afrika. Wamo korongo, wamo tai, na wamo makumi ya maelfu ya mwewe wa aina moja ambaye chakula chake ni mabuu ya nyigu.

Kwa nini wapite hapo? Nchi kavu ikipata jua, hewa ya moto hupanda, nayo humbeba ndege mwenye mabawa mapana bila yeye kujichosha. Juu ya bahari hewa hiyo haipandi vile. Kwa hiyo hutafuta maji membamba. Upepo wa mashariki ukivuma kwa nguvu, wengi hungoja, maana anayechoka juu ya maji hana pa kutua. Na pwani hapo wako watu wenye darubini na daftari, wanaohesabu toka asubuhi. Ndege si mali yao, lakini wanawahesabu kama mtu anayetunza cha mwenziwe.

Sasa sikilizeni, ndugu. Mwewe hao safari yao huishia katika misitu, toka Afrika ya Magharibi mpaka kwetu Kongo. Wazazi hutangulia. Watoto waliozaliwa mwaka huo huo hufuata nyuma, bila mzazi wa kuwaongoza, na wengi hufa njiani. Tena jike kwa kawaida hutaga mayai mawili tu kwa mwaka. Basi anayeua mmoja hajapunguza kidogo. Huko Malta na Lebanoni wengi wamepigwa risasi kwa mchezo tu, na mpigaji husema: wanapita, kesho watakuja wengine.

Huenda mmoja wenu atasema: sisi tuna njaa, tuna vita, ndege wa Ulaya wanatuhusu nini? Neno hilo lina haki yake. Anayekata mti apikie watoto wake hatumlaumu. Lakini haja ni kitu kimoja na uharibifu ni kitu kingine. Anayewasha pori lote kwa ajili ya panya wawili, anayeangusha msitu kwa makala kisha magogo mengine akayaacha yaoze, huyo hakusukumwa na njaa.

Tena angalieni tofauti hii. Kule Tarifa wanahesabu. Mwewe akishaingia katika msitu wa Maniema, hakuna mwenye daftari. Akipotea, hakuna atakayetuuliza. Je, deni limefutika kwa sababu shahidi hayupo? Kama ni hivyo, basi hata mali ya yatima ni halali usiku. Hapana, ndugu. Mwenye kuhesabiwa na watu huenda anaogopa watu. Uaminifu hujulikana pale ambapo hakuna binadamu anayehesabu.

Tena wale wa Hispania wakichunga na sisi tukaharibu, kazi yao imekuwa bure, na yetu vilevile wao wakiharibu. Mlinzi wa mwanzo na mlinzi wa mwisho hawatajuana kamwe, na bado kila mmoja anamtegemea mwenziwe.

Basi mkiona kivuli cha mwewe shambani, kabla ya kuokota jiwe, kumbukeni maji aliyovuka. Na mgeni akipita kijijini, asiyejulikana na mtu, mfanyieni hivyo hivyo.

Wabillahi tawfiq.