Usiikimbie Takataka

Mjukuu wangu,

Nimesikia kwamba umekwenda mara tatu na mashine yako ya kutambua metali kwenye bustani kongwe ya mji wenu huko Marekani, na mara zote umerudi na misumari yenye kutu na vifuniko vya soda. Sasa unataka kutafuta ardhi safi. Kaa kitako nikwambie: ardhi safi haina kitu. Palipo na takataka ndipo watu walipokaa, wakala, wakakimbizana na watoto, na sarafu zikawachopoka mifukoni. Sarafu za senti 10 na 25 za huko, zilizotengenezwa hadi mwaka 1964, zina fedha asilimia 90, na ziko humohumo kwenye misumari.

Nikupe kisa. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa huko alipigwa risasi. Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaja na chombo chake cha kutambua metali kuitafuta risasi mwilini. Chombo kilikuwa kizima, kwani alikuwa amekwisha kukijaribu. Lakini mgonjwa alilazwa juu ya godoro lenye springi za chuma, zikaivuruga sauti ya chombo. Tena daktari alimruhusu Bell apime upande wa kulia tu, ambako daktari mwenyewe alikwisha kuamini ndiko risasi iliko. Ilikuwa kushoto. Rais akafariki Septemba mwaka ule.

Yashike makosa hayo mawili, kwa sababu ndiyo yanayokurudisha mikono mitupu.

La kwanza ni la springi. Koili, ile sahani ya chini ya mashine, ikiwa kubwa husikia vitu vingi kwa mpigo, na sarafu iliyolala ubavuni mwa msumari hufunikwa na kelele za msumari. Funga koili ndogo, ya inchi 5 au 6. Ipitishe polepole, karibu na nyasi, wala usiiinue mwishoni mwa kila mpito kama afyekaye majani. Ukisikia sauti safi iliyokatika katikati ya mikwaruzo, usiondoke. Zunguka, uipitishe kwa upande mwingine. Ukichimba ukatoa chuma kibovu, rudisha koili juu ya shimo lilelile. Mara nyingi kilichofunikwa huanza kusema hapo.

La pili ni la daktari: kuamua kabla ya kusikiliza. Mashine yako ina uwezo wa kunyamazisha sauti usizozitaka, na wewe umenyamazisha vipete vya kufungulia makopo. Nakuelewa. Tangu miaka ya 1960 watu waling'oa vipete hivyo wakavitupa chini, mpaka mwaka 1975 kilipobuniwa kipete kinachobaki koponi. Vimejaa kila bustani. Lakini pete ya dhahabu, hasa ile nyembamba ya kike, hulia karibu sawa na kipete. Ukikinyamazisha kipete, umeinyamazisha na dhahabu.

Mimi nilikosea hivyo misimu miwili, huku nikijisifu kwa mfuko mwepesi. Siku niliyoacha sauti zote zilie, nilichimba vipete 31 chini ya mti mmoja. Cha 32 kilitoka na donge la udongo. Nikalisugua kwa kidole gumba, ikachungulia rangi ya njano isiyojua kutu. Pete ya ndoa, na ndani yake herufi mbili na tarehe. Nimeitangaza mara mbili, mwenyewe hajatokea. Bado ninaitunza, kwa sababu ina mwenyewe.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi inama kwa adabu. Omba ruhusa kwanza: kila mji una sheria zake, na katika hifadhi za taifa za nchi hiyo kazi hii imekatazwa. Kata nyasi nusu duara, uache upande mmoja umeshika, uziinue kama kifuniko cha sanduku. Ukimaliza uzilaze na kuzikanyaga, pasijulikane kuwa palichimbwa. Na kibovu ulichokitoa usikirudishe shimoni.

Ukiondoka na mfuko mzito wa vipete na misumari, usiseme umepoteza siku. Umemwondolea mtoto anayecheza kitu cha kumkata mguu, na Jumamosi ijayo ardhi ileile itakuwa na kelele pungufu za kukuzuia kusikia.